Dresa wa Macho na Mawe Saba

Nilimchekesha nyanyangu siku ya tatu baada ya kupasuliwa jicho, na jicho likaharibika. Naanza na hilo ili asije mtu akasema nilizungukazunguka. Darasani kwetu mimi ndiye mchekeshaji. Mwalimu akigeuka kuandika ubaoni, mgongo wake huwa ni mali yangu. Kwa hivyo nikiulizwa upumbavu wangu mkubwa ni upi, watu hungoja niwatajie ile siku niliyomfunga punda wa muuza maji kwenye kamba ya kengele ya shule. Siyo. Ni huu wa nyanya. Na siwezi kuueleza bila kumweleza Dresa, maana sauti niliyomchekeshea nyanya haikuwa yangu. Ilikuwa yake.

Kisauni yote ilimwita Dresa. Madresa wengine, wahudumu wa zahanati, walikuwepo, wa vidonda na wa sindano, lakini ukisema Dresa bila kuongeza neno, ni huyu wa macho. Jina lake sijawahi kulisikia. Alizaliwa wapi, kwa nani, sikuuliza, na hakuwa mtu wa kukwambia usilouliza. Alikuwa mrefu, mwembamba, kaptula yake imepigwa pasi mpaka ungedhani ingesimama peke yake akiivua. Soksi moja ilifika gotini, ya pili ilichoka njiani. Miwani yake ilikuwa imevunjika mkono mmoja, akaufunga kwa uzi wa kushonea magunia. Akaenda na uzi huo miaka yote niliyomjua, yeye ambaye kazi yake ilikuwa kuwaambia watu wasidharau macho.

Sauti yake ilitoka puani, polepole, kama mtu anayesoma tangazo la serikali. Na kila alichosema kilianza kwa maneno mawili: kwa utaratibu. "Kwa utaratibu, fumba la kushoto." "Kwa utaratibu, usiniteme." Siku kuku alipomrukia pale zahanati, na kuku aliwaogopa kuliko simba, alipanda juu ya benchi akapaza sauti, "Kwa utaratibu, mtoeni huyu!" Nilikuwepo. Nilikwenda nayo shuleni, nikaila wiki nzima.

Shuleni kwetu alikuja kila muhula, na baiskeli yake na kibao cha macho. Kibao kilichorwa alama kama kitana chenye meno matatu, kikubwa juu, vidogo vidogo chini. Unasimama mbali, unafumba jicho moja, unaonyesha kwa mkono meno yanaelekea wapi. Rafiki yangu niliyeketi naye dawati moja alikuwa haoni hata ubao, lakini aliogopa kupewa miwani ya uzi. Basi mimi nikamkaririsha mpangilio wote wa vitana: juu, kulia, chini, kushoto, kushoto. Alikuja kuujua kuliko Baba Yetu.

Dresa alimtazama akionyesha. Akakohoa kidogo. Kisha akakigeuza kibao kichwa chini miguu juu. Rafiki yangu, masikini, akaendelea na mpangilio ule ule, kwa bidii, mkono unakwenda kama wa mwimbishaji wa kwaya. Darasa likapasuka.

"Kwa utaratibu," Dresa alisema. "Nani mwalimu wake?"

Akaja moja kwa moja mpaka dawatini kwangu.

"Wewe."

"Mimi nimefanyaje, Dresa?"

"Wewe ndiye pekee hukucheka. Mpishi hali chakula chake moto." Akanipa kibao. "Shika. Kila mtoto akija, kigeuze unavyotaka. Tuone kama wataweza kukukariri wewe."

Nilishika kibao mpaka mikono ikafa ganzi. Baada ya hapo alipindua kope za kila mtoto kwa njiti ya kiberiti kutafuta vikope, ule ugonjwa unaoota kama chenga za mchanga ndani ya kope. "Haiumi," alimwambia kila mmoja. Iliuma kweli. Nilipomwambia, akafikiri, akasema, "Hiyo nilisema kwa penseli." Sikumwelewa, lakini alinipa korosho, nikaona tumesameheana. Korosho alikuwa nazo mfukoni daima, za watoto wa kupinduliwa kope. Nusu alikula mwenyewe.

Ile ya penseli nilikuja kuielewa baadaye.

Alikuwa na daftari kubwa jekundu, limefungwa kwenye baiskeli kwa mpira wa gurudumu. Humo aliandika kila mtu wa upande wetu, toka Kongowea mpaka Shanzu, aliyekwenda hospitali ya kisiwani kutolewa mtoto wa jicho. Hakuwa akiandika waliopasuliwa tu, hilo hospitali ingeweza kulifanya yenyewe. Aliwafuata majumbani. Mwezi wa tatu, wa sita, na mwaka ukitimia, huyo anakuja na baiskeli. Daktari wa Kizungu alitaka kujua kisu chake kinafaa kwa kiasi gani, na kwa nani hakifai, na kwa nini. "Jicho la hospitali si jicho la nyumbani," Dresa alipenda kusema. "Hospitalini kila mtu anaona. Mfuate jikoni kwake ndipo ujue."

Na taabu ya kwanza aliyokutana nayo ilikuwa adabu zetu. Mtu wa huku ukimuuliza, "Mama, unaona?" atakujibuje, nawe umetoka mbali juani na baiskeli? Atakwambia, "Naona, baba, naona kabisa, Mungu akuzidishie." Kuna bibi mmoja wa Kongowea alimshukuru hivyo kwa kurudishiwa macho, akamaliza kwa kuipa mkono nguzo ya nyumba. Dresa aliisimulia habari hiyo bila kucheka. "Adabu imewapofusha watu wengi kuliko vikope," alisema.

Basi akaacha kuuliza. Akatengeneza mkebe. Ndani yake mlikuwa na mchele konzi mbili na vijiwe saba vyeusi, vidogo, alivyoviokota mwenyewe. Akifika kwa mtu aliyepasuliwa, haulizi neno la macho. Anaomba ungo, anamwaga mchele, anasema, "Kwa utaratibu, nichambulie." Anakaa. Mwisho anahesabu mawe yaliyotolewa. Saba, anaona. Manne, anaona kidogo. Hakuna, basi hakuna, hata kama mwenyewe anamwombea baraka za wajukuu na vitukuu. Jiwe, alisema, halijui adabu.

Kisha anaandika. Alilolishuhudia mwenyewe, kwa wino. Aliloambiwa, kwa penseli. Hata kama aliyemwambia ni mchungaji. Hata kama ni daktari. Nilimwona kwa macho yangu akimkatalia chifu, aliyetaka iandikwe kwa wino kwamba kijijini kwake hakuna mwenye vikope.

"Mzee, umeniambia," alisema. "Nimeandika. Penseli nayo ni maandishi."

Nyanya sasa.

Kwetu, mjukuu wa kiume ni mume wa nyanya yake. Si mchezo wa mtu mmoja, ndivyo tulivyolelewa, na watu wetu wote waliotoka huko Rabai ndivyo walivyo. Nyanya alizaa mama, mimi nikamwoa nyanya. Nikiingia kwake bila kumtania ni kosa. Siku moja niliingia kimya akaniwekea mkono kwenye paji la uso kupima homa. Mimi namwambia mchuzi wake umenifanya nifikirie mke wa pili. Yeye ananiambia mahari yangu nililipa kwa kamasi. Ndivyo tulivyosalimiana asubuhi.

Lakini macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu, yote mawili, tangu ningali mdogo. Uso wangu aliuona mara ya mwisho nikiwa sina meno ya mbele. "Nataka kuona," alimwambia Dresa siku alipokuja kumpima, "kama nimeolewa na mtu mzuri, au watu wamenidanganya." Dresa akammulika kwa tochi, akasema yameiva yote mawili, tayari kwa kisu, na kwa kawaida wanaanza na moja. Mama alikataa. Kisu machoni, hapana. Dresa alirudi mara tatu. Mara ya tatu alifungua daftari akamsomea mama, ukurasa kwa ukurasa, waliopona na wasiopona, hakuruka hata mmoja. Nadhani ni wale wasiopona waliomfanya mama aamini. Akakubali.

Wakati huo, ukipasuliwa jicho, kazi ngumu huanza baada ya kisu. Unalazwa chali. Macho yote mawili yanafungwa bandeji. Kichwa kinawekwa kati ya mifuko miwili ya mchanga kisigeuke, na unakaa hivyo siku nyingi, kidonda kijishike chenyewe. Usikohoe. Usipige chafya. Usijikaze. Na usicheke. Dresa ndiye aliyevuka daraja kila siku kwenda kuwatazama watu wa upande wetu, na alimsomea mama hayo yote pale wodini, mimi nikiwa nyuma yake nikiigiza midomo yake.

Siku ya tatu mama alitoka kwenda bombani kuosha bakuli la uji. "Kaa na nyanyako," aliniambia. "Mshike mkono tu."

Nilimshika mkono. Nyanya alikuwa amenyooka kama maiti, mifuko ya mchanga huku na huku, midomo imekauka. Hakusema neno. Sikuwahi kumwona nyanya yangu kimya. Niliogopa, na mimi nikiogopa huwa najua kufanya kitu kimoja tu.

Nikaziba pua.

"Kwa utaratibu, bibi," nikasema.

"Naam, baba," nyanya akajibu, kwa heshima, akidhani ndiye.

"Kwa utaratibu, hakuna kukohoa. Hakuna chafya. Mende akipita usoni, mwombe apite kwa utaratibu."

Kidole chake kikanibana. Alikwisha kunijua.

"Na yule mume wako mwenye masikio kama vifuniko vya sufuria, asiingie humu. Anawatisha wagonjwa."

Akacheka. Kwanza tumbo, nikaliona shuka likitetemeka, kisha kicheko chenyewe kikatoka, kile chake cha zamani, kinachoanza juu na kushuka ngazi. Kikasimama ghafla. Mkono wake ukapanda kwenye bandeji.

"Mume wangu," alisema taratibu. "Kuna kitu cha moto kimemwagika."

Watu walikuja mbio. Mimi nilijikuta ukutani. Daktari alipofungua, kidonda kilikuwa kimeachana, na vya ndani vya jicho vilikuwa vimetoka nje. Walipomuuliza nyanya imekuwaje, mama akiwa amesimama pale na bakuli mkononi, nyanya akajibu, wazi kabisa, "Nilikohoa."

Nami nikanyamaza. Huo ndio upumbavu wa pili. Kwenye upumbavu wa kwanza ninaweza kujitetea kidogo.

Sasa ona uongo wa nyanya ulivyofanya kazi. Aliusema ili kunifunika mimi, lakini mama hakuuamini hata siku moja. "Mamangu hana kifua," alisema. "Miaka yote hii, moshi wote ule wa kuni, sijamsikia akikohoa. Kisu kiliteleza, na huyo Dresa wenu amemfunza la kusema." Akalisema kisimani. Akalisema kanisani. Akamwambia jirani yetu mzee, msuka makuti, ambaye macho yake yalikuwa yameiva na alikuwa tayari kwenye orodha ya Dresa. "Wallahi sikanyagi huko," mzee akasema, akaendelea kusuka kwa kupapasa. Mwingine akajitoa, na mwingine. Dresa akipita na baiskeli yake barabarani, milango inafungwa. Nyumbani nilisikia haya yote nikila ugali. Neno langu moja lingeyamaliza. Nilikula ugali.

Mwezi wa tatu ulipotimia, Dresa alikuja. Bila shaka alikuja. Daftari lake halikuwa na ukurasa wa kuruka watu waliomchukia. Mama alisimama mlangoni.

"Shemeji, hujambo," alisema Dresa. Alimwita hivyo tangu zamani, kwa kutaniana.

"Mimi si shemeji yako. Mchele wako peleka kwa wenye macho."

Nyanya akaita kutoka ndani. "Mwache aingie. Kazi yake ni kuhesabu, na aje ahesabu."

Dresa akaketi mkekani, akamwaga mchele kwenye ungo. Nyanya akauchambua. Jicho moja limekufa, la pili lina ukungu, lakini vidole vyake vilikwenda juu ya ule mchele kama vya mtu anayetafuta chawa kichwani mwa mtoto, na akatoa mawe. Moja. Matatu. Akatoa yote saba, akayapanga mbele ya Dresa.

"Andika," alimwambia. "Andika saba, wasije wakakugombeza."

Dresa aliyatazama yale mawe. Akaivua miwani akaifuta, na uzi ukamsumbua kuurudisha sikioni. Kisha akaandika kwa wino, na kwa kuwa mimi nilikuwa nyuma yake nikasoma: *Mawe saba, kwa kupapasa. Haoni.*

Alipotoka alimwambia mama kwamba jicho la pili bado linaweza kuokolewa, na bora iwe mapema. Mama akafunga mlango, kwa utaratibu. Mimi nilikuwa upande wa ndani wa mlango ule. Aliyekuwa na ufunguo wake ni mimi.

Alirudi mwezi wa sita. Mlango haukufunguliwa.

Wakati wa masika nyanya alishikwa na homa. Haikuwa ya macho. Ilikuwa homa tu, ya siku tano. Siku ya nne nilikaa naye. Nilitaka kumwambia kwamba nitamweleza mama, kwamba akipona atapasuliwa la pili. Nikaanza, "Nyanya, siku ile..." Akaniwekea mkono usoni, akaupapasa wote, paji, pua, masikio haya.

"Kumbe wamenidanganya," alisema. "Mume wangu mbaya."

Hilo ndilo neno la mwisho aliloniambia. Tulimzika.

Nilimwona Dresa baada ya matanga kwisha. Alikuwa barazani pale zahanati, anafunga sanduku la bati. Nilisikia anahamishwa bara. Watu walisema amefukuzwa, mama alisema Mungu si Athumani. Nilikuwa nimepanga maneno njiani kote. Nilipofika nikasema, "Shikamoo Dresa," kisha yakanitoka yote bila mpangilio, mende, sufuria, bombani, bakuli la uji.

Hakunikatiza. Nilipomaliza alilitoa daftari jekundu sandukuni, akalifungua bila kutafuta.

"Soma wewe," alisema. "Una macho."

Jina la nyanya lilikuwa juu. Chini yake, kwa penseli: *Kikohozi, kwa maneno ya mgonjwa.* Na chini ya hapo, kwa wino: *Siku ya tatu mgonjwa alichekeshwa. Dresa alikuwa mlangoni. Hakuzuia. Naye alicheka.*

Nilisoma mara mbili. Siku ile sikugeuka nyuma. Sikujua mlango ulikuwa na mtu.

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo tangu mende." Sauti yake haikuwa ya puani hata kidogo. Huenda haikuwahi kuwa ya puani kama nilivyoifanya mimi. "Nilipaswa kukushika sikio. Nilisimama nikisikiliza kama mtu yuko kwenye ngoma. Nilimwambia daktari siku ile ile. Wodini sikurudi tena."

"Mbona hukumwambia mama? Angekubali lile la pili."

"Kabla sijatoka wodini, nyanyako aliniomba nisimwambie. Nikamkubalia." Akalifunga daftari. "Nilidhani ni heshima. Nimewapigia watu kelele za adabu miaka yote hii, na ile adabu mbaya kuliko zote nikaifanya mimi."

"Na jina langu? Hukuniandika."

"Niliandika waliokuwa na kazi mle chumbani. Wewe hukuwa na kazi. Wewe ulikuwa mume wake."

Niliangalia chini. Soksi yake ile fupi ilikuwa imeshuka mpaka kwenye kiatu. Wakati mwingine wowote ningeipata dhihaka yake.

"Jirani yenu msuka makuti," alisema, akibana sanduku kwa goti, "yameiva yote mawili. Atakuja dresa mwingine. Hatamjua mtu. Akikuta milango imefungwa atadhani nyumba hizo hazina vipofu." Akatia mkono mfukoni, akanipa korosho. Zilikuwa tatu. Moja akaila yeye.

Nilikwenda nyumbani. Mama alikuwa uani na ungo wa mchele magotini, anachambua. Nilisimama mbele yake nikamwambia kila kitu, toka kuziba pua mpaka wino. Nilimwambia kisu hakikuteleza. Nilimwambia nyanya hakukohoa, alicheka, nami ndiye niliyemchekesha. Vidole vyake vilisimama juu ya mchele. Nilingoja kofi. Nilikuwa nimeligeuza kabisa shavu upande wa mkono wake wa kulia.

Mama akauweka ungo chini. Akajifuta uso kwa ncha ya leso, na hakuniangalia aliposema:

"Nenda kwa mzee msuka makuti umwambie nilimdanganya. Kisha urudi hapa uketi, unionyeshe alivyocheka."